Jibu kwa mwalimu wa Mtwara: tembo mweupe alitoka wapi?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiingereza kidato cha tatu hapa Mtwara. Kwenye ufahamu tuliosoma wiki iliyopita kulikuwa na nahau 'white elephant'. Nikawasimulia wanafunzi kisa nilichofundishwa mimi nikiwa shule: zamani mfalme wa Siam akimchukia mtu alimpa zawadi ya tembo mweupe, ili gharama za kumlisha zimfilisi. Mwanafunzi mmoja akauliza, 'Kwani huyo mfalme hakuwa na jela?' Darasa likacheka, lakini swali limenikaa kichwani. Kisa hicho ni cha kweli? Na magazeti yetu yanapoandika kwamba mradi fulani 'umegeuka tembo mweupe', hicho ni Kiswahili? Karibu na shule yetu kuna soko jipya ambalo wachuuzi hawajahamia. Wanafunzi wanataka kujua kama nalo ni tembo mweupe."

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Mfikishie huyo mwanafunzi pongezi zangu, maana kwa swali moja amegonga palepale kisa hicho kinapovuja.

Nianze na maana, kwa sababu asili ya nahau hii haishikiki kama maana yake imekaa upande. Mwingereza akikiita kitu "white elephant" anamaanisha kwamba mwenye nacho analazimika kukitunza, kwamba matunzo yanamla kuliko kinachomrudia, na kwamba kuachana nacho ni kazi: labda mnunuzi hayupo, labda sheria inamzuia, labda ni aibu. Chukua mtu wa Lindi aliyerithi mashua ya babu yake. Yeye ni fundi simu, bahari haijui. Kila mwaka mashua inataka kalafati, inataka deheni, inataka mtu wa kuilinda usiku. Akiiuza, ndugu watamnunia. Akiiacha ioze ufukweni, ndugu haohao watamsema. Basi huyo ana tembo mweupe, hata kama mashua yenyewe inabeba watu wanne tu. Nasisitiza hili kwa kuwa wanafunzi wengi, na waandishi wengi wa habari, wakisikia "tembo" akili inakimbilia ukubwa. Uzito wa nahau hii uko tumboni mwa mnyama: anakula leo, atakula kesho, na wewe ndiye utakayeleta majani.

Sasa twende Siam, nchi tunayoiita Thailand leo. Tembo weupe wapo kweli, ingawa ukimwona mmoja unaweza kudhani umedanganywa, kwa maana weupe wake haufanani na wa maziwa. Ni tembo wa Asia aliyezaliwa na upungufu wa rangi mwilini. Ngozi yake ina wekundu wa udongo, ikilowa inakaribia rangi ya waridi. Kucha na singa zake zimefifia, na macho nayo. Wajuzi wa kasri hukagua macho, kaakaa, kucha, ngozi na singa za mkia kabla ya kukubali kwamba huyu ndiye. Heshima yake inatokana na dini. Katika masimulizi ya Ubuddha, Malkia Maya aliota tembo mweupe akimwingia ubavuni, na mimba iliyofuata ikawa ya Buddha. Mfalme aliyepata tembo wa aina hiyo katika enzi yake alihesabiwa kuwa ametawala kwa haki, na aliyepata wengi alijiona hana mwenzake.

Hapo ndipo hoja ya mwanafunzi wako inapopata miguu. Mwaka 1563 Bayinnaung, mfalme wa Burma (Myanmar ya leo), alituma ujumbe kwa Maha Chakkraphat, mfalme wa Ayutthaya, mji mkuu wa Siam wakati huo, akitaka apewe tembo weupe wawili. Akanyimwa. Akaja na jeshi, na mwaka 1564 Ayutthaya ikasalimu amri. Bayinnaung akarudi kwao na tembo weupe wanne, na mwana wa mfalme akiwa mateka. Bila shaka Bayinnaung alitafuta pia ukubwa juu ya jirani yake, lakini kati ya vyote ambavyo angeweza kudai, alidai tembo, kwa kuwa kumtoa tembo mweupe kulikuwa kukiri unyonge mbele ya dunia nzima. Mnyama wa namna hiyo nani atampa mtumishi aliyemuudhi? Ingekuwa sawa na kumtuza mwizi kwa kumvisha taji.

Na heshima hiyo haikuishia zamani. Bendera ya Siam ilibeba picha ya tembo mweupe kwa miongo mingi, mpaka ikaja hii ya mistari mwaka 1917. Nishani ya Tembo Mweupe iliyoanzishwa mwaka 1861 inatolewa mpaka leo. Sheria ya mwaka 1921 ya kulinda tembo wa mwituni inataka tembo mweupe akipatikana akabidhiwe kwa mfalme. Ukiyaweka haya upande mmoja, na upande wa pili ukaweka kisa cha zawadi ya kukomoa, utaona kisa kinavyopwaya. Wanaokisimulia hawamtaji mfalme aliyefanya hivyo, wala mtumishi aliyefilisika, wala mwaka. Ni ngano. Ngano nzuri ya kusimuliwa, na ndiyo maana imedumu, lakini usiwape wanafunzi kama historia.

Ngano hii imepata wapi mbegu, basi? Mimi naiona katika macho ya wasafiri. Ralph Fitch, mfanyabiashara wa London, alifika Pegu huko Burma katika miaka ya 1580, akaandika jinsi tembo weupe wa mfalme walivyolishwa katika vyombo vya fedha vilivyopakwa dhahabu. Wasafiri wengine wakafuata na habari kama hizo. Sasa mfikirie msomaji wa London anayepokea taarifa hizo. Tembo hula hata kilo 150 kwa siku, na anaweza kuishi miaka 60. Huyu hapandwi wala havutishwi magogo kama wenzake. Ana wahudumu wake, ana banda la kifalme. Mtu wa Pegu alimtazama akaona baraka ya nchi. Msomaji wa London, aliyezoea kupima kila kitu kwa daftari la duka, aliona hasara tupu. Nahau imezaliwa katika kutoelewana huko, na kwangu hilo ndilo jambo la kuvutia kuliko yote: Waingereza waliikopa picha ya kitu kitakatifu cha watu wengine, wakaibakiza gharama na kuiacha heshima.

Katika maandishi ya Kiingereza, mfano wa zamani unaotajwa sana ni barua ya mwaka 1851 ya Geraldine Jewsbury, mwandishi wa riwaya wa Manchester. Angalia anachokiita tembo weupe: ni fadhila za mtu mmoja. Anasema huduma za mtu huyo ni kama tembo weupe wengi, hakuna anayeweza kuzitumia, lakini zinakukausha shukrani mpaka unajisikia umefilisika. Barabara, jengo, uwanja wa mpira, hakuna hata kimoja kinachotajwa. Anazungumzia mzigo wa kumshukuru mtu kwa kitu ambacho hukukihitaji. Sisi tulioishi kwa ndugu tukisomeshwa tunaijua hali hiyo bila kufundishwa na Mwingereza, na neno lake tunalo: masimango. Tofauti ni kwamba masimango husemwa, na yule mtoaji wa Jewsbury huenda hakusema neno. Uzito unaokaa rohoni ni uleule.

Barua hiyo inatusaidia pia kukipinga kisa kingine utakachokutana nacho, kwamba nahau ilianza na P. T. Barnum, Mmarekani wa maonyesho na sarakasi. Mwaka 1884 Barnum alimleta New York tembo kutoka Burma aitwaye Toung Taloung, baada ya kutangaza sana kwamba ni tembo mweupe mtakatifu. Watu wakaona mnyama wa kijivu mwenye mabaka ya waridi, wakanung'unika. Mshindani wake Adam Forepaugh akampaka tembo wa kawaida rangi nyeupe na kumwonyesha kama wa kweli. Ni kisa cha kweli kabisa, lakini kimekuja zaidi ya miaka 30 baada ya barua ya Jewsbury. Mtoto hawezi kumzaa mama yake.

Na kuna cha tatu, hiki hukorogwa na ngano ya Siam mpaka watu hawajui kipi ni kipi. Mwaka 1861 Mfalme Mongkut wa Siam alimwandikia rais wa Marekani akijitolea kumpelekea tembo, madume na majike, waachiwe katika misitu ya huko wazaane, wawasaidie Wamarekani kubeba mizigo. Barua ilimkuta Abraham Lincoln Ikulu. Februari 1862 alijibu kwa adabu nyingi kwamba nchi yake haifiki kusini kiasi cha kuwafaa tembo kuzaana, na kwamba kwao nguvu ya mvuke inatosha, nchi kavu na majini. Wale hawakuwa tembo weupe, na Mongkut hakuwa na hila yoyote. Alitoa kilicho bora kwao. Kitu kimoja nakipenda katika kisa hiki: zawadi ilikataliwa na hakuna aliyeumia. Tembo mweupe wa nahau ni yule ambaye ulishindwa kumkataa mlangoni.

Nije kwenye swali lako la Kiswahili, ambalo nakiri limenisumbua kwa miaka ya kazi yangu ya ufasiri. "Umegeuka tembo mweupe" ni maneno ya Kiswahili, lakini picha haijapata makazi kwetu, na sababu ni kwamba tembo wetu tayari ana kazi nyingine. Sote tumekua na methali "Tembo hashindwi na mkonga wake". Ndugu yake ni "Ng'ombe haelemewi na nunduye". Kwa Mswahili, tembo ndiye kielelezo cha mtu anayebeba kilicho chake, hata kiwe kizito vipi, wala halalamiki. Kwa Mwingereza, katika nahau hii, tembo ndiye mzigo wenyewe. Ukimwambia mzee wa kijijini kwamba zahanati ni tembo mweupe, ana haki ya kuelewa kwamba ni kitu imara chenye heshima. Niliwahi kusoma rasimu yangu ya tafsiri mbele ya wazee, nikafika kwenye tembo huyo, mmoja akaniuliza kwa upole, "Sasa huyo tembo tumpende au tumwogope?" Nikalifuta neno.

Ukiteremka pwani zaidi mambo yanazidi. Huko wengi humwita mnyama ndovu, na tembo ni kinywaji cha mnazi, ambacho kikiwa kibichi kina weupe wa maji ya wali. Sarufi hututoa hapo. Katika "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji", ile "li" inaonyesha kwamba tembo ni kinywaji. Kwa hiyo cha mgema kitakuwa tembo jeupe, na mnyama atakuwa tembo mweupe. Wafundishe wanafunzi hilo, watafurahi. Ni mahali adimu ambapo upatanisho wa kisarufi unaamua kama unazungumzia pombe au mnyama wa tani kadhaa.

Mimi nikifasiri huandika "mali inayomla mwenyewe", au kwa kifupi "mali mzigo", kutegemea sentensi. Magazetini naona "tembo mweupe" likitumika hata pale ambapo Kiswahili kina neno kali zaidi, na hapo ndipo ninapogombana na wahariri. Mradi uliolipiwa kwenye makaratasi lakini ukienda huoni hata tofali unaitwa mradi hewa. Jengo lililoishia kwenye lenta kwa kukosa fedha ni mradi uliokwama. Lililotumika likaachwa, sasa popo wanalala humo, ni gofu. Yote matatu ni hasara, lakini hakuna hata kimoja kinachokula. Tembo mweupe amekamilika, amezinduliwa kwa ngoma, na bili zake zinafika kila mwezi.

Na wewe uko Mtwara, kwa hiyo mfano bora unao mlangoni. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, ikaamua kulima karanga Afrika kwa mashine, ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matrekta yalivunjikia kwenye visiki na mizizi, hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Mvua ilikuwa haba, na kiangazi udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa kama tofali, karanga zikagoma kung'oka. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mradi huo, na hasara iliyoandikwa ilikuwa kama pauni milioni 36.

Vitabu huuita mradi huo tembo mweupe. Mimi nasema uliitwa hivyo kwa haraka. Mradi wa karanga ulikufa, na maiti hali chakula. Tembo mweupe alikuwa kile kilichobaki baada ya mazishi: reli ya kwenda Nachingwea na bandari ya kina kirefu ya hapo kwenu, iliyokamilika mwaka 1954 wakati karanga zilizotarajiwa kupita hapo hazipo tena. Reli inataka wafanyakazi na matengenezo, iwe na mzigo au isiwe nao. Ililishwa miaka michache, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Bandari haikung'olewa. Leo inapakia korosho, na makaa ya mawe yanayoletwa kwa malori kutoka Ruvuma. Wanafunzi wako wanaoishi kwa mishahara ya wazazi walioajiriwa pale hawawezi kuiita tembo mweupe, na hilo liingie kwenye somo: jina hili linaweza kumtoka mwenye nalo. Nachingwea yenyewe ilikuja kuwa kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO, waliopigania uhuru wa Msumbiji, matumizi ambayo hakuna mpanga karanga wa London aliyeyaota.

Kenya wanao wao. Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, Norway ilijenga kiwanda cha kugandisha samaki kilichokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kugandisha samaki katika joto la jangwa kunataka umeme mwingi na maji safi mengi, na hesabu ya kuviendesha vyote ikazidi thamani ya samaki wenyewe. Mitambo ikazimwa baada ya muda mfupi sana. Ni zawadi, ni nzuri kwa macho, na ililetwa na wafadhili ambao kuwakatalia ni kugumu. Jewsbury angeitambua mara moja.

Mambo mawili madogo kabla sijafika sokoni. Wanafunzi wasimchanganye tembo huyu na yule wa "the elephant in the room", ambaye ni jambo kubwa linalojulikana na wote lakini hakuna anayelitaja. Ukoo wake ni mwingine kabisa. Wengi humrudisha kwenye hadithi ya mwaka 1814 ya Ivan Krylov wa Urusi, kuhusu mtu aliyetembelea jumba la makumbusho, akaona wadudu wote wadogo na asimwone tembo. Pia, kama una ndugu Marekani akialikwa kazini kwenye sherehe ya "white elephant" wakati wa Krismasi, mwambie asinunue khanga nzuri ya zawadi. Huko mtu hupeleka kitu cha ajabu kilichomjazia nafasi nyumbani, kikafungwa na kubadilishanwa kwa vicheko.

Soko lenu sasa. Siwezi kulihukumu kutoka huku, lakini darasa lako linaweza, na ni zoezi zuri kuliko kukariri ngano ya Siam. Watume wanafunzi wakaulize: mlinzi analipwa na nani, na kiasi gani kwa mwezi? Umeme na maji vimeunganishwa, bili zinalipwa? Kuna mkopo wa ujenzi ambao halmashauri bado inaurejesha? Kisha waulize wachuuzi kwa nini wamebaki barabarani: kodi ya meza, umbali na stendi, au hawakuulizwa kabisa lijengwe wapi? Kama taa zinawaka usiku kucha na mlinzi anapokea mshahara huku meza zikiwa tupu, waandike "white elephant" bila wasiwasi, na kwenye daftari la Kiswahili waandike mali inayomla mwenyewe. Kama lango lina mnyororo wenye kutu na hakuna senti inayotoka, hilo ni gofu. Na wachuuzi wakihamia kabla zoezi halijaisha, wayafute majina yote mawili.